Paa Liwakalo: Tuweke Nini Darini?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nami naongeza kwamba wala si bati la rangi. Ukisimama leo kwenye barabara ya Mishomoroni ukatazama upande wa Junda, hadi kule inakoanzia mikoko ya mkondo wa Tudor, utaona mabati mekundu, ya buluu na ya kijani yakimeremeta kama maua. Yanapendeza, hilo halina ubishi. Lakini hebu ingia ndani saa nane mchana mwezi wa Februari, uketi dakika kumi tu, kisha uniambie kama bado yanapendeza.

Aghalabu kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili na insha za maadili, na si vibaya. Leo lakini naomba niwapandishe darini, mahali ambapo wengi wetu hatupafikirii mpaka popo waanze kelele. Nia yangu ni kueleza vifaa vinavyotumiwa kuzuia joto la paa, kila kimoja hufanya kazi vipi, na ni kigezo gani kitusaidie kuchagua. Maana pesa haziokotwi, na joto si mchezo: mtoto mchanga, mgonjwa na mzee huumia kwanza.

Nilianza kuchunguza jambo hili kwa sababu ya mjadala uliozuka nyumbani kwetu. Nyanya, mamake baba, alihamia kwetu kutoka Takaungu baada ya kuzidiwa na presha. Kule alikuwa na nyumba ya makuti. Huku akapewa chumba kilicho chini ya bati tupu, bila dari. Daktari alionya kwamba asikae kwenye joto kali, kwani mwili wa mzee hautoi jasho vizuri kama wa kijana, na moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada ili kuupoza. Basi zamu ya mama ya chama ilipofika, pesa zile zikatengwa kwa ajili ya paa. Tatizo ni kwamba zilitosha jambo moja kubwa, au mawili matatu madogo. Hazikutosha kubahatisha.

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Baba alitaka dari ya jipsamu yenye maua na taa za kujificha. Ami yangu aliyeko Uingereza alipiga simu akashikilia kwamba dawa ni pamba ya glasi nene, kwani huko aliko imejaa katika dari za watu. Fundi akasema, "Mzee, weka plaiwudi tu, utanishukuru." Naye Nyanya akacheka, akasema, "Wanangu, mwahangaika bure. Nyumba ya makuti yapumua. Hii yenu yapika." Kumbe katika maneno hayo machache ya Nyanya ndimo ilimokuwa fizikia yote!

JOTO LATUFIKIA VIPI?

Mombasa iko kiasi cha digrii 4 kusini mwa ikweta. Kwa hivyo jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo yenye joto kushinda yote, na hewa ya mchana hufikia digrii 32 au 33 za sentigredi. Lakini hiyo ni hewa ya kivulini. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri huweza kupita digrii 60, ndiyo maana fundi wa paa hawezi kulikalia.

Tufanye hesabu ndogo. Jua la utosini, bila mawingu, huteremsha takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba. Hizo ni sawa na pasi moja ya umeme. Sasa nyumba yenye paa la mita 8 kwa 10 ina mita mraba 80. Yaani, bwana we, ni kama pasi 80 zimewashwa juu ya kichwa chako! Sehemu ya joto hilo hurudishwa angani na sehemu huchukuliwa na upepo, lakini linalobaki latosha kukukosesha raha.

Tangu kidato cha 1 tumefundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Ya kwanza ni kupita ndani ya kitu chenyewe, kama kijiko cha chuma kilichoachwa katika uji wa moto. Ya pili ni kubebwa na hewa au maji yanayosogea, kama mvuke upandao kutoka sufuriani. Ya tatu ni miale, kama lile joto la jiko la makaa unalolihisi usoni hata ukikaa pembeni. Wengi hudhani joto la paa hutujia kwa njia ya pili, yaani hewa moto inatushukia. Sivyo. Hewa moto ni nyepesi. Ikishafika chini ya bati hubaki huko huko juu. Kinachotushukia kitandani hasa ni miale. Bati lililopata moto hugeuka jiko kubwa lililoning'inizwa kichwa chini.

Asiyeamini na ajaribu. Simama juu ya kiti imara wakati wa adhuhuri, chini ya bati lisilo na dari, unyooshe kiganja juu bila kuligusa. Utahisi joto. Sasa mwambie mwenzako apitishe kati ya mkono na bati kipande cha boksi kilichobandikwa karatasi ya kung'aa, hata pakiti ya kripsi iliyogeuzwa nje ndani. Mara moja joto litakatika. Hewa ni ile ile, wala haijapata muda wa kupoa. Kilichokatwa ni miale.

KOTI LA WENYE BARIDI

Ami yangu hakusema uongo. Ila alizungumzia nyumba za huko aliko. Uingereza watu huwasha moto ndani ya nyumba miezi mingi ya mwaka. Joto wanalolilipia hupanda na kutaka kutoroka kupitia paani. Kwa hivyo hutandika juu ya dari tabaka nene la pamba ya glasi au ya mawe. Kipimo kinachopendekezwa huko siku hizi ni milimita 270, karibu urefu wa rula yako ya shule. Pamba hiyo haina miujiza. Kazi yake ni kuishika hewa isisogee, maana hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo mno. Ni koti, basi.

Sisi hali yetu ni kinyume. Joto letu latoka nje kuja ndani, latoka juu kushuka chini, na laja mchana kwa miale. Isitoshe, usiku twataka nyumba ipoe upesi ili tulale, na tulio na mitihani tusome. Koti nene huzuia joto pande zote mbili, kuingia na kutoka. Si kwamba pamba haifai Mombasa. Inafaa hasa katika nyumba yenye mashine ya kupoza hewa, ambako madirisha hufungwa na baridi hulipiwa kama wenzetu wanavyolipia joto. Lakini kwa nyumba ya kawaida ya Junda, yenye madirisha wazi na feni moja, swali la kwanza si "koti liwe nene kiasi gani?" Swali ni "miale tuizuie wapi, na hewa moto tuitoe vipi?" Hicho ndicho kigezo. Sasa tupime vifaa kwa kigezo hicho.

KIFAA BAADA YA KIFAA

Makuti. Makuti ya viungo yakifumwa vizuri na kupangwa kwa kubanana juu ya fito, hushika hewa nyingi kati ya majani. Jua hupiga juu, lakini upande wa ndani haupati moto, basi hakuna miale ya kutushukia. Tena hewa moto hupenya na kutoka taratibu. Hapo ndipo Nyanya aliposema yapumua. Kasoro zake zajulikana: hubadilishwa kila baada ya miaka michache, huhifadhi wadudu, na cheche moja yatosha kuteketeza. Katika mtaa wenye nyumba zilizobanana kama wetu, moto wa kwako ni moto wa jirani. Kwa hivyo nampa Nyanya heko kwa fizikia yake, lakini siwezi kushauri turudishe makuti.

Mabati. Watu hubishana kuhusu geji. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, nayo hudumu zaidi kwenye upepo huu wa chumvi. Kwa joto, lakini, hakuna tofauti ya maana, kwani chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa iliyotulia. Unene wa nusu milimita ni kama haupo. Kilicho na maana ni rangi. Bati jipya la kung'aa hurudisha sehemu ya jua, lakini likishapata moto hulitoa joto lake kwa shida, na kutu ikiingia hunywa jua zaidi. Bati la rangi iliyokoza, kama maruni au kijani cha chupa, hunywa sehemu kubwa ya jua tangu siku ya kwanza. Ukiwa ndiyo kwanza wanunua, chagua nyeupe au rangi ya maziwa. Bei kwa kawaida haitofautiani sana na ya rangi nyingine, na kivuli chake ni bora.

Rangi nyeupe. Kwa aliye na bati tayari, hii huenda ikawa hatua nafuu kupita zote. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijageuka joto, na lile kidogo linaloingia hutolewa upesi angani. Kule Ahmedabad, India, baada ya joto kali la mwaka 2010 kuua watu wengi, mji ulitunga mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, na baadaye mapaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini yakapakwa nyeupe. Angalieni mambo matatu. Kwanza, chokaa tupu haishiki juu ya bati. Masika ikianza yote huishia mferejini. Tafuta rangi ya paa, na bati lisuguliwe kwanza litoke mafuta na kutu. Pili, wengi wetu hukinga maji ya mvua, basi rangi isiwe na madini ya risasi. Tatu, vumbi na ukungu huipunguzia nguvu, hivyo paa lioshwe kila baada ya muda.

Foili. Hii ni karatasi ya alumini iliyobandikwa juu ya karatasi ngumu au plastiki, na huuzwa kwa mizinga. Foili safi hurudisha kiasi cha asilimia 95 ya miale ya joto. Si kitu kigeni kwetu; magunia ya karatasi yanayosafirisha chai kutoka bandari yetu huwa na foili kwa ndani, ingawa huko kazi yake ni kuzuia unyevu na harufu. Lakini foili ina masharti, na mafundi wengi hawayajui. Sharti la kwanza, lazima iwe na nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa. Ukiibana kati ya bati na mbao bila nafasi, joto litapita kwa kugusana, na pesa zako zimekwenda na maji. Sharti la pili, kama ina uso mmoja tu unaong'aa, uelekeze chini. Mwenzangu atashangaa: si jua liko juu? Ndiyo, lakini uso ulioelekea juu hujaa vumbi, na foili yenye vumbi ni karatasi tu. Uso wa kung'aa una tabia nyingine: hata ukipata joto, hautoi miale kwa urahisi. Kwa hivyo ukiangalia chini hufanya kazi ile ile, nao hubaki safi.

Mbao za dari. Hapa kuna plaiwudi, seloteksi, jipsamu na plastiki. Zote zina faida moja kubwa: hutenganisha chumba na bati, zikaacha hewa katikati. Hata dari duni hupunguza miale, maana sasa unatazamwa na ubao wenye joto la wastani badala ya bati linalochoma. Zikilinganishwa, seloteksi, ambayo ni laini na imejaa vitundu vya hewa, huzuia joto kuliko plaiwudi, na plaiwudi huzuia zaidi kidogo kuliko jipsamu ya unene ule ule. Lakini seloteksi ikilowa hunyonya maji, ikajikunja na kuanguka, basi bati livujalo lizibwe kwanza. Jipsamu nayo haishiki moto kwa urahisi, na hupendeza macho. Ila uzuri wake mwingi ni wa harusi, si wa joto. Maua yake hayapozi chochote. Plastiki haiozi wala haiogopi maji, lakini ni nyembamba, na ikiungua hutoa moshi mbaya.

Pamba ya glasi. Nimekwisha kuieleza. Niongeze kwamba ikilowa hupoteza nguvu, kwa sababu maji huchukua nafasi ya hewa, na unyevu wa pwani twaujua. Nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Anayeitandika avae glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu.

Stairofomu. Yale mapande meupe yanayokuja na televisheni ni hewa tupu iliyofungwa ndani ya plastiki, kwa hivyo huzuia joto vizuri sana. Wako wanaoyaokota na kuyapanga darini. Nawasihi wasifanye hivyo. Yakishika moto huyeyuka yakidondoka huku yakiwaka, na moshi wake mweusi huua kabla ya moto kufika. Tena yakigusana na nyaya za umeme kwa muda mrefu, huifanya plastiki ya nyaya iwe ngumu na kupasuka.

Vitu vya nyumbani. Je, mnazi hauna la kutupa zaidi ya makuti? Unalo. Usumba wa makumbi, ukisokotwa kuwa tandiko, hushika hewa kwa namna inayokaribia pamba ya glasi. Sufi, ile tunayojazia mito, nayo ni hodari, kwani kila unywele wake ni kijibomba kitupu chenye hewa ndani. Lakini sufi huwaka kama petroli, na vyote viwili ni karamu ya panya na mende. Vikitumika, viwe ndani ya magunia yaliyoshonwa, mbali na nyaya, na juu ya dari imara.

Zege. Siku hizi Junda yaota maghorofa, na wapangaji wa orofa ya juu kabisa hulalamika kwamba usiku ni mbaya kuliko mchana. Hawasingizii. Zege hunywa joto kutwa nzima, kisha hulitapika jioni mtu anapotaka kulala. Hapo dari ya ndani husaidia kidogo tu. Dawa yake huwekwa juu: rangi nyeupe, au kivuli cha bati au makuti kilichoinuliwa ili upepo upite chini yake. Ukipita Mji wa Kale utaona nyumba za mawe ambazo juu ya dari zake nzito za boriti, mawe ya matumbawe na chokaa pameezekwa paa jingine. Kivuli juu ya paa si wazo geni katika mji wetu.

HEWA MOTO NAYO IENDE WAPI?

Baada ya kuzuia miale, kuna hewa iliyonaswa kati ya bati na dari. Isipotoka huendelea kupata moto, na dari nayo huanza kuwa jiko dogo. Tiba ni matundu, na matundu ni karibu bure. Yawekwe mapengo chini kwenye mwisho wa vipaa ili hewa baridi iingie, na matundu karibu na mgongo wa paa ili moto utoke. Wenye bahati ya upepo kama sisi wayaweke pande mbili zinazoelekeana, kuelekea Kusi na Kaskazi, maana Kaskazi ndiyo ivumayo katika ile miezi ya joto kali. Yote yazibwe kwa wavu wa chuma, la sivyo utawakaribisha popo, panya na wale kunguru wasiojua haya.

HATARI ZISIZOONEKANA

Wenzangu, hapa sina mzaha. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango wa kuwawekea wananchi vizuia joto darini bila malipo au kwa gharama ndogo. Makampuni yakachipuka kama uyoga, na vijana wasio na mafunzo wakapandishwa darini. Vijana wanne walipoteza maisha, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la kule juu. Mpango ukasimamishwa Februari 2010. Foili ni chuma. Msumari au pini ikitoboa waya wa umeme, foili nzima hupata umeme. Kwa hivyo umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya mtu yeyote kupanda, na nyaya zikaguliwe na fundi wa umeme mwenye kibali. Na kazi ya darini hufanywa asubuhi mapema, si saa saba mchana.

Hatari ya pili ni asbestosi, yale mapaa ya kijivu yaliyotumika sana zamani katika shule na nyumba za mashirika. Ni kweli hayapati moto kama bati. Lakini nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani ya mapafu na maradhi mengine, ambayo aghalabu hujitokeza baada ya miongo kadhaa. Shirika la Afya Duniani lasema kila aina ya asbestosi husababisha saratani. Katika kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006, iliorodheshwa kuwa taka ya hatari. Basi msikubali kupewa vipande vyake "vya bure" viwe dari. Yaliyopo yasikatwe, yasitobolewe wala kusuguliwa. Yaondolewe na walioruhusiwa na NEMA.

TULICHAGUA NINI?

Nilipomaliza kuuliza na kusoma, niliandika yote kwenye karatasi moja nikampa baba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwalimu, tuanzie wapi?" Tukaanza na lililo nafuu. Fundi alitoboa matundu pande mbili na kutia wavu. Kisha foili ikafungwa chini ya mbao za paa, uso wa kung'aa chini, kukiwa na nafasi ya kiganja kati yake na bati. Kipaa cha magharibi, kile kinachopigwa na jua la alasiri, kikapakwa rangi nyeupe. Pesa zilizobaki zilitosha dari ya seloteksi ya chumba kimoja, na hakuna aliyeuliza ni cha nani. Jipsamu ya maua ikasubiri. Ami alipopigiwa simu na kuelezwa alicheka, akasema huko kwake watu hupigania joto, sisi twalifukuza.

Sidai kwamba nyumba imekuwa barafu. Februari ni Februari. Lakini zamani Nyanya alikuwa akichukua mkeka wake kila baada ya adhuhuri akakimbilia chini ya mwembe wa jirani. Siku hizi hujilaza chumbani mwake na feni ikizunguka polepole, na mama hana tena haja ya kumlowanishia kitambaa cha kichwa.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Namalizia kwa maswali manne, ambayo kila msomaji aweza kumuuliza fundi hata kama hajui kushika nyundo. La kwanza: kifaa hiki chazuia miale, au ni pambo tu? La pili: kina nafasi ya hewa, na hewa hiyo yatokea wapi? La tatu: kikilowa au kikishika moto kitakuwaje? La nne: nyaya za umeme zimepita wapi? Fundi akijibu yote manne bila kupapasa, mpe kazi. Akikujibu "Wewe weka tu, utanishukuru," mpe chai, umshukuru, umtafute mwingine. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na paa likishapigiliwa misumari huwa vigumu kuuliza.